Gitaa Lisilo na Ukoo

Wiki iliyopita mjukuu wangu aliingia sebuleni na gitaa la umeme, jekundu, na uso wa mtu aliyetukanwa hadharani. Alilinunua kwa mtu, likiwa limeshatumika, na wenzake wa bendi walipolisoma jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa wakaangua kicheko. Chapa yenyewe hakuna kati yao aliyewahi kuisikia. "Bibi, wanasema hili ni la kuchezea watoto," akaniambia. Nikamwambia alilete. Nikafumba jicho moja na kuitazama shingo yake kutoka nyuma, nione kama imenyooka. Nikapitisha kidole pembeni, nisikie kama vyuma vya shingoni vinakwaruza. Nikazungusha vifunguo vya nyuzi kimoja kimoja, nikagonga mgongo kwa kifundo cha kidole, kisha nikalinusa. Nikamwambia gitaa lake ni zima, limeundwa na mtu aliyeionea kazi yake fahari, na kwamba wenzake ni watu wa kusoma maandishi tu. Alinikodolea macho, maana anajua siwezi kupiga hata wimbo wa kanisani.

Lilinuka plastiki na jasho la watu wengine. Lakini pua yangu, ilipoinama pale, ilikuwa inatafuta harufu tofauti kabisa, ya moshi wa nyasi na samli. Niliikosa, na nikawa na huzuni siku nzima. Ninyi wa rika langu mliokulia Karagwe mtajua harufu ninayoisema. Nyumba ya ng'ombe ilinukia hivyo, na mtoto wa nyumba ya ng'ombe alinukia hivyo hadi shuleni.

Kwetu Chonyonyo migomba ilianzia mlangoni, kahawa ikafuata nyuma yake, na chini ya kahawa nchi ikafunguka ikawa nyasi tupu. Huko ndiko ng'ombe walikoshinda. Baba hakuwa na ng'ombe wengi, lakini alikuwa na jicho, na enzi zile watu wa kwetu waliliheshimu jicho kuliko zizi. Mtu akiletewa ng'ombe wa mahari, alimwita Baba aje amtazame. Baba alikataa kumwona ng'ombe jioni, ameshiba na kusuguliwa. Alimtaka asubuhi, ana njaa, anainuka. Alisimama nyuma yake akautazama mgongo wote hadi kwenye pembe, akavuta ngozi ya ubavuni, akanusa pumzi, kisha akasema neno na maneno yakaisha. Akiwa na shaka, alisema ng'ombe aachwe kwake apitishe masika. Ng'ombe aliyeingia zizini kwetu kabla ya mvua na akatoka baada ya mvua akiwa yuleyule, huyo hakuulizwa tena alikotoka.

Mimi nilikuwa nyuma ya Baba kila mara. Mtoto wa kike hakutakiwa pale, ila nilikuwa na kipaji cha kutosikia ninapofukuzwa. Kufikia umri wa kwenda kuchota maji peke yangu, nilikuwa na hakika kwamba hakuna kitu duniani ambacho Baba hawezi kukipima, na kwamba mimi nilikuwa nakaribia kumfikia.

Pamoja nasi waliishi Bibi, yaani mama yake Baba, na binti yake wa mwisho, Shangazi Kemilembe. Shangazi alikuwa na kicheko kinachotangulia mbele yake, ukikisikia unajua atatokea kwenye kona ya migomba. Aliyemchekesha zaidi alikuwa Bitegeko, kijana wa Bugomora aliyekuwa amekwenda kufanya kazi Buganda kama vijana wengi wa wakati ule, akarudi na suruali mbili na gitaa. Walitaka kuoana na kila mtu alijua. Mbuzi alileta, majembe alileta, pombe ya ndizi alileta hadi wazee wakaimba. Kilichobaki ni ng'ombe wa mama, yule anayepewa mama mzazi wa binti, na bila huyo hakuna harusi. Kwao Bugomora ng'ombe walikuwa wamekufa kwa ugonjwa, zizi zima likawa shamba la mahindi.

Hapo ndipo Baba Mkubwa alipoingia. Huyu alikuwa kaka yake Baba, aliishi Ndama, na ndiye aliyekuwa mkuu wa ukoo. Hakuwa mtu mbaya, naomba mnielewe. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe. Alikuwa na jirani mgane mwenye ng'ombe wa kutosha, na mgane huyo alikuwa ameshamtenga mtamba mmoja kwa ajili ya Bibi. Baba Mkubwa alitangaza kwamba Bitegeko akishindwa kuleta ng'ombe wa mama, mtamba wa Ndama atapokelewa na Kemilembe atakwenda Ndama. Tangu siku hiyo kicheko cha Shangazi hakikusikika kwenye kona ya migomba.

Bitegeko alikuja asubuhi moja, Baba na Baba Mkubwa wakiwa wamekaa kwenye nyasi mbichi zilizotandikwa sakafuni, bakuli la kahawa ya kutafuna katikati yao. Wanawake walikuwa upande wa ndani, nyuma ya kiambaza cha matete, kama ilivyokuwa desturi. Mimi nilikuwa mlangoni, upande usio wa mtu yeyote. Kijana alipiga goti, akasalimu, kisha akaliweka gitaa mbele ya Baba kwa mikono miwili.

"Waitu, ng'ombe sina," akasema, akianza na neno letu la heshima kwa wakubwa. "Kitu pekee nilicho nacho ambacho mtu aliwahi kutaka kunibadilishia na ng'ombe ni hiki. Kule Buganda mwenye ng'ombe alikitaka, nikakataa. Leo nakileta mwenyewe."

Baba Mkubwa akatazama gitaa kama mtu aliyewekewa kiatu kwenye sahani. "Hiki kinazaa?"

"Hakizai, waitu."

"Kinakamuliwa?"

Bitegeko akafikiri. "Kinakamuliwa kila siku, na hakikauki."

Baba alicheka, Baba Mkubwa hakucheka. Mimi nililichukua neno lile kama lilivyo. Kwa akili yangu ya wakati ule, nyimbo zilikuwa ndani ya lile tumbo la mbao, zimejaa hadi shingoni, na kila mtu akigusa nyuzi anazipunguza. Kwamba hakikauki sikuamini hata kidogo. Nilikuwa nimewaona ng'ombe wengi waliosifiwa hivyo na wenyewe, na nilijua mwisho wao.

Baba hakuwa mtu wa kusema hapana kwa kitu asichokijua. Alimtuma mtu amwite Karani, kijana Mlutheri kutoka Muleba aliyekuwa akiandika mizani ya kahawa katika soko letu. Karani alikuwa na gitaa lake mwenyewe, lenye jina lililoandikwa kwa rangi ya dhahabu, alilolinunua dukani Bukoba. Siku za Jumapili alilipiga barazani kwake na watoto tukasimama nje ya uzio. Alikuja mbio, maana kwa muda mrefu hakuna mtu aliyekuwa amemwita kwa jambo lisilo la kahawa.

Aligeuza gitaa la Bitegeko, akasoma maandishi ya kichwani. Herufi zilikuwa zimebanduka, zikabaki mbili za mwisho na mkia wa moja. "Hili jina silijui," akasema. "Hata lingekuwa limetimia nisingelijua. Si la duka la Bukoba."

"Basi halina ukoo," Baba Mkubwa akasema, na akachukua kahawa nyingine.

"Halina jina, waitu. Mwili linao." Karani akamwomba Baba asogee. Alimwonyesha ukingo wa tundu la tumboni, akasema magitaa ya bei rahisi huundwa kwa mbao nyembamba zilizobandikwa tabaka juu ya tabaka, na pale kwenye ukingo tabaka hujionyesha zenyewe. Hili lilikuwa ubao mmoja, mishipa yake imepita kutoka juu hadi ndani bila kukatika. Alimwonyesha nafasi kati ya nyuzi na shingo, namna isivyotakiwa kuwa kubwa kiasi cha kuumiza vidole. Kisha akamwambia afumbe jicho moja aitazame shingo kutoka nyuma.

Baba aliinama nyuma ya gitaa lile, na nikaona mabega yake yakishuka kama yanavyoshuka anapomwona ng'ombe mzuri. Alikuwa ameufahamu mgongo. Akagonga ubavu, akatega sikio, akagonga tena. Akaingiza pua kwenye tundu. Akalisogeza kwenye mwanga, rangi yake ikang'aa kahawia yenye wekundu, akaliita Bihogo, jina ambalo kwetu hupewa ng'ombe wa rangi hiyo. Nilitaka kupiga vigelegele, maana Baba hakuwahi kumpa jina ng'ombe aliyekusudia kumkataa.

"Mgongo ni mzuri," akasema. "Lakini mgongo mzuri nimeuona kwa ng'ombe waliokufa masika ya kwanza. Alale kwangu hadi mvua ziishe. Akitoka kama alivyoingia, atahesabiwa ng'ombe. Akibadilika, kijana atachukua chake na tutapokea mtamba wa Ndama."

Baba Mkubwa akakubali, kwa sababu aliyaamini masika yetu. Bitegeko akaomba apige mara moja, ili wakumbuke sauti. Alipiga wimbo mfupi wenye kurukaruka, na nyuma ya kiambaza sikusikia mtu hata akikohoa. Alipotaka kuanza wa pili nikamwambia kutoka mlangoni, "Inatosha, utazimaliza!" Watu wote walicheka, naye akanitazama kwa heshima kabisa na kuliweka chini.

Nikawa mlinzi wa Bihogo. Baba alilitundika kwenye kigingi ukutani, mbali na meko, na kaka zangu walikuwa na vidole vinavyowasha. Niliwapiga kwa mwiko. Niliwauma. Mama akashangaa kwamba ghafla napenda kukaa ndani. Sikumweleza, kwa sababu niliona mambo ni wazi mno: nyimbo zikipungua, Baba atazisikia zimepungua, na Shangazi atakwenda Ndama kwa mtu ambaye kila akija kwetu alikuwa akisimulia afya ya mtamba wake kabla ya kuulizia afya ya watu.

Mvua zikaja kwa hasira. Chumvi ikawa maji, kahawa iliyoanikwa ikaota ukungu, milango ikavimba na kukataa kufunga. Shangazi siku hizo alikuwa akitoka na panga kwenda kukata emburara, nyasi za kufukizia vyombo vya maziwa, na akarudi amelowa na mzigo mkubwa kuliko tuliouhitaji. Nilidhani ni huzuni inamtembeza.

Ufukizaji ulikuwa kazi ya Bibi. Macho yake yalikuwa na ukungu, mtoto wa jicho pande zote mbili, lakini vyombo vyake hakumwachia mtu. Alikaa kwenye kigoda karibu na jukwaa la vyombo, chetezo cha udongo kikifuka mbele yake, akachukua ekyanzi kimoja baada ya kingine, vyombo vyetu vya mti vya kukamulia, akakiinamisha mdomo chini juu ya moshi, akakizungusha, kisha akakipaka samli kwa nje. Maziwa ndani ya chombo kisichofukizwa huchacha, na hunuka aibu. Siku moja kabla ya hayo yote jirani yetu alikuwa ametuazima ekyanzi, na mimi kwa bidii zangu nikakisogeza kwenye moshi ili tumrudishie kikinukia. Bibi alinidaka mkono. "Unataka watu waseme tumekiiba? Cha mtu kinaoshwa, kinarudishwa. Ukikifukiza umekipa harufu ya nyumba yako, na mwenyewe hawezi kukitaka tena." Nilikosa hata uji wa jioni.

Basi mvua zilikuwa zimekolea nilipoingia asubuhi moja nikakuta kigingi cha ukutani kitupu. Nikatazama huku na huku, nikaliona gitaa kwenye jukwaa la vyombo, limelala kati ya vyombo viwili vya maziwa, na Bibi ameshakaa, ameshawasha. Alichukua cha kwanza akakimaliza. Mkono wake ukaenda kwenye gitaa. Vidole vyake vikatulia kidogo. Kisha akalinyanyua, akaliinamisha tundu juu ya chetezo, na moshi ukaingia ndani wote.

"Bibi," nikasema, "hilo si chombo cha maziwa."

"Nyamaza, moshi unaniingia kinywani."

Nikanyamaza, na ningependa kudai nilinyamaza kwa adabu, lakini ukweli ni kwamba nilifurahi. Nililiona jambo lile kuwa la akili sana. Kama maziwa huchacha ndani ya chombo kisichofukizwa, kwa nini nyimbo zisichache katika mvua kama hizi? Bibi alilipaka samli mgongoni, ubavuni, hadi kichwani, akalirudisha mahali pale pale. Tangu siku hiyo lilifukizwa pamoja na wenzake, na jioni kabla Baba hajarudi Shangazi alilitundika tena ukutani, kwenye giza ambako Baba hakuona tofauti. Sikumwambia mtu. Niliwasikitikia ng'ombe wa watu wengine wote wasio na bibi kama wangu.

Mvua zilipokatika, wakaja. Baba Mkubwa alitoka Ndama asubuhi na mapema amevaa kanzu yake ya sikukuu, tayari kupokea mtamba. Bitegeko alikuja na mjomba wake, Karani akaja na gitaa lake mwenyewe chini ya kwapa. Kahawa ya kutafuna ikazunguka. Baba akaenda ukutani akalishusha Bihogo, na alipoliweka katikati, kila mtu alivuta pumzi puani.

Lilikuwa jeusi. Ile kahawia yenye wekundu ilikuwa imezama mahali pasipoonekana, na mwili wote ulikuwa uking'aa kwa samli. Liligeuka chombo cha kwetu. Bitegeko alilichukua, mikono ikateleza, akainusa mikono yake. Nilikuwa nikimtazama usoni na nikaona maumivu yakipita, kisha nikaona akiyameza. Alifuta shingo kwa upindo wa shati, akatoa nyuzi mpya mfukoni, kwa sababu za zamani zilikuwa zimeliwa na kutu, akazifunga moja moja.

Baba akafanya kazi yake. Alitazama mgongo kwa jicho moja, akasema umenyooka. Karani akaingiza vidole kwenye maungio yote. "Yameshika," akasema. "Daraja limeshika, ubavu umeshika. Na masika haya hayakuwa ya mchezo, waitu." Akageuza gitaa lake lenye jina la dhahabu tulione mgongo. Lilikuwa limefumuka toka kiunoni hadi chini, na alikuwa amelifunga kwa kamba ya mgomba. "Langu ni la ukoo bora," akaongeza, na akacheka kabla hatujamcheka.

Moyo wangu ukapanda. Kisha Baba akamwambia Bitegeko apige.

Alipiga wimbo uleule mfupi. Nilikuwa nimeukariri, nimeulala na kuuamka. Ulikuwa uleule, na haukuwa uleule. Ile sauti ya kurukaruka ilikuwa imeshuka chini, nene, imepungua ukali, kama inayotoka chumba cha pili. Haikuwa mbaya. Siku hizi ningesema ilikuwa imepata utu uzima. Lakini Baba alikuwa na sikio kama alivyokuwa na jicho, na hakuwahi kudanganya katika kazi yake, hata kwa dada yake. Akatazama sakafu.

"Si sauti ile," akasema.

"Umesema mwenyewe," Baba Mkubwa akadakia. "Akitoka kama alivyoingia. Rangi imebadilika, sauti imebadilika, harufu sitaki hata kuitaja. Kijana achukue chake aende salama. Mtamba wa Ndama yuko njiani."

Bitegeko aliliweka gitaa chini. Kupitia matete ya kiambaza niliona vidole vya Shangazi vimeshika utete mmoja, vimeushika kwa nguvu hadi ukapinda. Nikajua kwamba wote wanadhani nyimbo zimekauka, na kwamba mimi peke yangu ndiye ninayejua ukweli.

"Halijakauka!" nikapiga kelele. "Limefukizwa tu! Bibi amelifukiza pamoja na vyombo vyake, kila siku, na samli amelipaka!"

Baba alinigeukia. Baba Mkubwa aliinuka nusu. Sasa alikuwa na hasira ya kweli, na haikuwa juu yangu. "Nani katika nyumba hii amefukiza chombo cha watu?"

Kisha sauti ya Bibi ikatoka nyuma ya kiambaza, mahali ambapo mwanamke hakutakiwa kusema lolote siku kama ile, na ilikuwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa.

"Chombo cha watu? Tangu nizaliwe sijafukiza chombo cha watu."

"Mama, umesikia mtoto anavyosema," Baba Mkubwa akajibu.

"Nimesikia. Nimefukiza chombo changu. Nimekifukiza masika yote. Kama mna swali kuhusu chombo changu, niulizeni mimi."

Mjomba wake Bitegeko ndiye aliyeelewa wa kwanza, akaziba mdomo kwa mkono. Kisha Baba. Nilimwona akielewa, ilianzia kwenye mabega. Ng'ombe wa mama ni wa mama. Baba aliweza kumpima, Baba Mkubwa aliweza kumpokea, lakini kama mwenyewe alikuwa ameshampa harufu ya nyumba yake tangu katikati ya mvua, hapakuwa na kitu cha kupima.

"Mama," Baba Mkubwa akasema, sasa kwa sauti ya mtoto, "ni macho. Umekosea. Uliona vibaya ukadhani ni ekyanzi."

"Macho nayo ni yangu."

Baba akakohoa, akalitazama gitaa, akamtazama Bitegeko. "Ng'ombe akishaingia katika zizi la mtu," akasema polepole, kama anayesoma hukumu, "akibadilika rangi, hilo ni shauri la mwenye zizi." Akasukuma bakuli la kahawa kuelekea kwa kaka yake. Baba Mkubwa alilitazama muda mrefu. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe, nimeshasema. Akachukua punje moja, akaitia kinywani, akatafuna. Nyuma ya kiambaza kicheko cha Shangazi kilitoka kabla hajakizuia, na Mama akapiga kigelegele ili kukifunika.

Nilijifunza siku hiyo kazi ambayo hata Baba hakunifundisha. Kitu kisicho na jina kinapimwa kwa mgongo, kwa maungio, kwa sauti, na nayaamini hayo yote hadi leo; mjukuu wangu akiniletea kingine kesho nitafanya vilevile. Lakini thamani yake ya mwisho haikai ndani yake. Inakaa kwa mtu aliyekwisha kuamua kwamba ni chake, na huyo huwezi kumshinda kwa hoja.

Harusi ilikuwa baada ya mavuno ya kahawa. Asubuhi ya kuondoka, Shangazi akiwa amefunikwa shuka kubwa na wanawake wakiimba nje, aliniita chini ya shuka lile. Nilidhani ananiaga. Alikuwa analia.

"Byera," akanong'ona, "usije ukamwambia Bibi. Ni mimi niliyekuwa nikiliweka gitaa kwenye vyombo vyake. Nyasi zote zile nilizikata kwa ajili hiyo. Nilijua haoni. Nilijua mkono wake utalichukua tu, na akishalifukiza limekuwa lake. Nimemdanganya mama yangu mzazi kwa sababu ya mwanamume." Machozi yake yalinidondokea kwenye mkono. Nilimwapia kwa vitu vyote nilivyovijua, vya kanisani na vya nyumbani. Kisha wakamchukua, na nikatazama wakishuka kwenye nyasi hadi wakawa wadogo.

Bibi alikuwa amebaki kwenye kigoda chake, chetezo kinafuka, ekyanzi mkononi, kama siku yoyote. Gitaa lilikuwa limekwenda na bwana harusi. Bibi alikuwa amemkabidhi amtunzie, kama mtu anavyomkabidhi mwingine ng'ombe wake amchunge, na maziwa akayadai yaletwe kila watakapokuja kumtazama. Nilikaa miguuni pake. Nilimwonea huruma kupita kiasi, mzee amedanganywa na mwanawe na wala hajui. Nilikuwa nimeapa, kwa hiyo nilizunguka mbali kadiri ya uwezo wangu.

"Bibi, ile siku ya kwanza. Ulidhani ni ekyanzi kweli?"

Mikono yake haikusimama. Alikizungusha chombo juu ya moshi hadi akaridhika, akakipaka samli, akakiweka kando. Ndipo alipotabasamu, akatazama upande wa mlango alikopita binti yake, kama vile anamwona.

"Mjukuu wangu, ekyanzi gani kina nyuzi?"

Akachukua chombo kingine, akakiinamisha juu ya moshi.

"Usimwambie shangazi yako," akasema. "Mwache aende akijua kwamba amenishinda."